Makombora kwenye simuleta yanakosa sana, ni uhalisia au tunachezewa akili?

KitiChaRubani

Wakuu habari zenu. Naomba nitoe dukuduku maana jana nimelala na hasira. Nina kama mwaka na nusu narusha ndege za kivita kwenye simuleta, joystiki ninayo, throto ninayo, pedali za miguu ninazo, manuali ya F-16 nimeisoma mpaka kokpiti ile naijua kuliko kibodi ninayoandikia hapa. Shida yangu ni makombora.

Jana niko kwenye seva, naona jamaa kwenye rada anakuja uso kwa uso, maili 16, nikamloki, nikaita Fox 3 (yaani nafyatua kombora lenye rada yake), AIM-120 ikatoka vizuri na moshi wake, nikasubiri wee, ikapita pembeni. Nikaachia ya pili, hiyo ndo kichekesho, ilifia njiani kabisa, kwenye rekodi inaonekana inaelea kama karatasi imerushwa na upepo. Jamaa akageuka, akanifuata, akanimaliza na la infraredi, lile linalofuata joto, moja tu.

Sasa kila ninaposoma naambiwa AMRAAM (ndo hiyo hiyo AIM-120) inafika maili 40 na zaidi, inakimbia Mach 4, mara nne ya kasi ya sauti, ina rada yake yenyewe puani. Maili 16 inashindwaje? Waundaji wa gemu wanayapunguza nguvu ili mechi ziwe ndefu au ndo hali halisi huko angani? Na ndege zenyewe je? Maana mi nakata kona G 9 (mwili unakua na uzito mara tisa) nikijisikia, rubani wangu anahema hema kidogo na skrini inaingia giza pembeni basi, yamekwisha, nageuka tena.

Rekodi ninayo. Wakati nafyatua nilikua futi 6,000, spidi noti 380 (maili za baharini kwa saa). Yeye futi 4,000.

Mkia_Kati

Wanapunguza mkuu, usihangaike. Kila apdeti kombora lako linazidi kua zito na la adui linazidi kua jepesi. Nilishaacha kulalamika, sasa hivi natumia bunduki tu.

MzeeWaRada

Mkia_Kati wewe kila siku bunduki na kila siku tunakuokota chini.

KitiChaRubani pole kwa kichapo. Kabla sijasema lolote nikuulize mawili. Ulipoachia ile ya kwanza ulifanya nini, uliendelea kumshika jamaa kwenye rada au uligeuka? Na yeye alipopata onyo aligeukia wapi?

KitiChaRubani

Niligeuka mkuu, si wanasema ni fyatua usahau? Sikutaka na mimi nile la kwake. Yeye kwenye rekodi anaonekana kakata kushoto akanipa ubavu kama sekunde kumi hivi, afu kanipa mgongo, akashuka mpaka karibu na miti.

MzeeWaRada

Basi kesi imejifunga yenyewe, na mwenye makosa sio gemu.

Twende taratibu. Hilo kombora injini yake inawaka sekunde chache tu, hazifiki hata kumi. Baada ya hapo halina injini tena, ni chuma kinachoteleza kwa kasi lililonayo, na kila sekunde hewa inalidai. Hiyo Mach 4 unayoisoma ni kilele, ni pale moto unapozimika ukiwa juu na wewe mwenyewe ulikua unakimbia. Sio spidi linayofika nayo kwa mtu.

Sasa angalia ulilianzishia wapi. Futi 6,000 hewa ni nzito, ukilinganisha na futi 35,000 ni karibu mara tatu, na upinzani wa hewa unakwenda sambamba na huo uzito. Yaani kombora lilelile, kwa spidi ileile, huko chini linavutwa nyuma karibu mara tatu zaidi. Halafu noti 380 ni kama mita 195 kwa sekunde. Mtu aliyeko futi 35,000 anakwenda Mach 1.2 analipa kombora mtaji wa mita 350 na ushee kwa sekunde kabla halijawasha hata moto. Wewe ulilituma dukani bila nauli.

Maili 40 zile za kwenye vipeperushi maana yake ni hivi: wote mko juu, wote mnakimbia, mnakutana uso kwa uso, na yeye hakati kona hata moja mpaka mwisho, kama mtu anayekuja kukumbatiwa. Akishageuza mgongo tu hesabu inavunjika, maana sasa kombora linamkimbiza mtu anayekimbia. Jamaa yako akiwa noti 500 ni mita 257 kwa sekunde anazokwenda mbali na kombora, na kombora lenyewe linapungua. Ile ya pili ilikua imekufa kabla hujaiachia.

Ya kwanza ni habari nyingine. Hiyo uliiua wewe. Fyatua usahau sio toka mlangoni. AIM-120 inatoka kwako ikiwa kipofu, inakwenda kwa kukumbuka yenyewe iko wapi na kwa taarifa unazoitumia kwa datalinki (mawasiliano ya redio) kutoka kwenye rada yako: jamaa sasa yupo hapa, sasa kasogea pale. Rada yake ya puani inawaka mwishoni mwishoni, ikiwa imekaribia. Wewe umegeuka maili 16, umekata simu katikati ya maelekezo. Imeendelea kwenda pale ilipodhani jamaa atakuwepo, ikafumbua jicho, haikuona mtu.

Na huo ubavu aliokupa hakuutoa kwa bahati mbaya. Huyo anajua kunochi. Rada za kisasa zinatenganisha ndege na ardhi kwa Dopla, yaani kwa kuangalia kitu kinakuja au kinaondoka kwa kasi gani. Ukikata nyuzi 90 ukampa mtu ubavu, hauji wala hauondoki, kwa rada unafanana na kilima. Na kwa kuwa yeye alikua chini yako, nyuma yake kulikua na ardhi kweli ya kujifichia. Ungekua wewe ndo uko chini unamtazama juu, nyuma yake kuna anga tupu, ubavu wake usingemsaidia sana.

BintiAnga

Mzee kamaliza fizikia, mi niongeze historia maana watu wanadhani makombora ya kweli hayakosi.

Vietnam, AIM-7 Sparrow iliyokua tegemeo la Marekani kwa mbali ilipiga takribani moja kati ya kumi. Moja! Mengine yaligoma kuwaka, mengine yalipoteza shabaha, mengine yalifyatuliwa nje ya masafa na marubani ambao hawakufundishwa vizuri kuyatumia. Jeshi la majini lilikaa chini likachunguza, mwaka 1968, na mwaka uliofuata ndo likafunguliwa lile darasa la Miramar ambalo wote mnalijua kwa jina la Topgun. Kwa hiyo KitiChaRubani, kulalamika kua kombora linakosa kuna historia ndefu, wenzio walijengewa shule.

Mtasema hiyo zamani. Haya, tarehe 5 Januari 1999, kusini mwa Irak, F-15 mbili zinakutana na MiG-25, zinaachia AIM-120 tatu na AIM-7 moja. Muda mfupi baadaye F-14 nao wanaachia AIM-54 Phoenix mbili. Jumla sita. Hakuna iliyopiga. Wairaki waligeuza mgongo wakakimbia, na MiG-25 ikiamua kukimbia inakimbia kweli. Ni kisa kilekile cha jamaa yako wa jana, tofauti hao Wamarekani waliofyatua walikua na mafunzo ya miaka na rada bora kuliko zote wakati ule.

Na hata karibu. Juni 2017 Syria, F/A-18 ya Marekani inamfuata Su-22 ya jeshi la Syria, inaachia AIM-9X, kombora la kisasa la infraredi, umbali mfupi. Limekosa. Ikabidi aachie AIM-120, hiyo ndo ikaiangusha.

Upande mwingine wa shilingi ni Falkland 1982, Uingereza na Argentina. AIM-9L, makombora ya infraredi ya ndege za Kiingereza Sea Harrier, zilifanya kazi nzuri mno, watu wakaimba sifa kwamba zinapiga kutoka pande zote hata uso kwa uso. Lakini ukisoma vizuri, karibu zote zilifyatuliwa kutoka nyuma, dhidi ya ndege za mashambulizi zilizokua mbali na nyumbani, mafuta ya kuhesabu, hazina muda wa kupigana. Kwa hiyo ukiuliza "kombora hili linapiga asilimia ngapi" huo ni nusu ya swali. Linapiga nani, aliyekaa vipi, aliyejua kuna kombora au asiyejua? Nadhani asiyejua ndo anakufa zaidi kuliko wote, na kwenye gemu kila mtu anajua, kila mtu ana onyo linalolia masikioni na rafiki anayepiga kelele kwenye redio.

KitiChaRubani

Duh. Sawa hapo kwa mbali nimekubali, nimejiharibia mwenyewe. Ila kuna kitu hakiniingii. Kombora linavuta G 30 na zaidi, ndege mwisho G 9. Sasa ikishafika karibu ndege inalikwepaje? Hapo si lazima kuna mkono wa mtu?

fundi_chuma

Habari ya G inadanganya watu wengi kwa hiyo ngoja tupige hesabu ya darasani. Kipenyo cha kona hakitegemei G peke yake, kinategemea spidi, tena spidi mara spidi. Chukua spidi ukiizidishe yenyewe, gawa kwa G uliyovuta (kila G ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde), unapata nusu kipenyo.

Kombora lenye mita 900 kwa sekunde likivuta G 30: 810,000 gawa kwa 294, inakuja kama mita 2,750. Ndege yenye mita 250 kwa sekunde ikivuta G 9: 62,500 gawa kwa 88, inakuja kama mita 710. Umeona? Lenye G nyingi ndo linazunguka duara kubwa, karibu mara nne.

Ila msishangilie mapema, maana kombora halizunguki duara na wewe. Halikufuati mkia. Ni kama beki mzuri, hamkimbizi winga nyuma, anakata njia. Linaangalia mstari wa kutoka kwake kuja kwako, kama mstari hauzunguki maana yake mtagongana, linatulia. Mstari ukianza kuzunguka linasogea kidogo mpaka utulie tena. Kwa hiyo kwa kawaida linahitaji kusahihisha kidogo tu, na hapo G 30 zinalitosha sana. Kukwepa kombora lenye kasi yake yote kwa kukata kona tu ni ndoto, na simuleta inayokuruhusu kufanya hivyo kila mara ndo yenye kasoro, hata kama ukishinda unafurahi.

Linalokuokoa ni pale limeshachoka. Uwezo wa mapezi yake kushika hewa nao unakwenda kwa spidi mara spidi, kwa hiyo spidi ikipungua nusu, zile G zinabaki robo. Kombora la G 30 linakua la G 7 na ushee, na hapo wewe mwenye G 9 unakua mkubwa wake. Ndo maana wazoefu hawakimbilii kukata kona, kwanza wanalichosha: wanakata upande huu linasahihisha, wanakata upande ule linasahihisha, wanalishusha kwenye hewa nzito, kila sahihisho linakula spidi ambayo haina wa kuirudisha. Afu sekunde ya mwisho ndo wanavuta.

Mkia_Kati

Na seva je? Mbona husemi seva? Pingi yangu (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi) ni milisekunde 200 nikibahatika.

fundi_chuma

Leo umeongea la maana, niandike tarehe.

Kweli kabisa. Ndege ya mita 300 kwa sekunde ndani ya milisekunde 200 inasogea mita 60. Kichwa cha baruti cha kombora la anga kwa anga ni kidogo, cha AIM-9 ni kama kilo 9 tu, fyuzi yake, kile kinachoilipua, inataka kombora lipite mita chache kutoka kwenye shabaha. Sasa kompyuta yako inaona ndege iko hapa, ya kwake inaona iko mita 60 mbele, gemu inabidi ibashiri. Ndo yale unaona kwako kombora limepita katikati ya ndege na hakuna kitu, yeye kwake kaona limepita nyuma kabisa. Hiyo kasoro haiko angani, iko kwenye waya. Ndo maana ukitaka kujua kombora lina tabia gani jaribu peke yako bila intaneti, dhidi ya kompyuta, usilihukumu kwa mechi ya usiku.

MzeeWaRada

Tuwe wakweli lakini, tusije tukaonekana tunaitetea simuleta kila kitu. Kuna sehemu wanajua na kuna sehemu wanapaka rangi.

Wanachojua ni mwendo: uzito, moto wa injini, hewa, umbo. Hivyo vinapigiwa hesabu, na hata mtu wa nje akiwa na kipimo cha kombora na programu ya hewa atakaribia ukweli. Ndege nazo, zile zilizofanyiwa kazi kwa miaka, ni nzuri. Msisahau ndege ya A-10C kwenye simuleta ya DCS iliyotoka 2011 chimbuko lake ni programu ya mafunzo ya mezani iliyotengenezwa kwa ajili ya walinzi wa anga wa Marekani. Falcon 4.0, simuleta ya F-16 ya 1998, mpaka leo watu wanaifanyia kazi kwa jina la BMS na wana kampeni inayojiendesha yenyewe ambayo magemu mapya bado yanaitamani.

Wanachopaka rangi ni jicho la kombora na vita vya kielektroniki. Chukua fleya, ile mioto ndege inayoimwaga kudanganya kombora la infraredi. Kwenye magemu mengi fleya ni kete: kombora limeona fleya, rusha kete, limedanganyika au halijadanganyika. Kwenye hali halisi ni suala la rangi ya moto, unawaka haraka kiasi gani, unaanguka nyuma kwa mwendo gani, na mhandisi aliyetengeneza jicho alikua na fleya za nani mezani. Kuna kisa cha wale Wamarekani waliokua wanarusha MiG kwa siri Nevada miaka ya 80. Waliletewa AIM-9P iliyofundishwa kupuuza fleya, na kweli fleya za Kimarekani ilizipuuza vizuri. Wakajaribu na fleya za Kisovieti, ambazo zilikua chafu chafu, kila moja inawaka kivyake, kombora likazipenda hizo. Sasa hiyo utaiandikaje kwenye gemu? Utaandika asilimia, huna njia nyingine.

Chafi nayo vilevile (chafi jamani sio chafu, zile nyuzi zilizopakwa alumini). Ikitoka tu inasimama hewani, na kwa Dopla kitu kilichosimama ni sawa na ardhi, rada ya kisasa inakipuuza. Inafanya kazi vizuri ukiwa umeshampa ubavu, ile sekunde ambayo na wewe unafanana na kitu kilichosimama. Kuna magemu unamwaga chafi huku unakwenda uso kwa uso na kombora linaikimbilia. Hapo nakubaliana na wanaolalamika.

Na kuhusu kuziba rada za watu kwa mawimbi, hiyo sahau. Hakuna jeshi litakalotoa siri hizo ili sisi tufurahi wikendi. Mwaka 2021 kuna mchezaji wa gemu la War Thunder alitaka kifaru cha Kiingereza cha Challenger 2 kirekebishwe, akapandisha kurasa za manuali ya kijeshi kuthibitisha kua waundaji wamekosea. Wenye gemu wenyewe wakazifuta mbio, na kifaru hakikurekebishwa kwa kurasa hizo. Baadaye wengine wakaja na za ndege, mambo yaleyale. Kwa hiyo kuna mipaka ya uhalisia ambayo ni ya kisheria kabisa, sio uvivu wa mtu.

BintiAnga

Kuna jambo KitiChaRubani aliuliza mwanzo likapotelea kwenye makombora. Mwili.

G 9 maana yake mtu wa kilo 75 anakua na kilo 675. Kichwa na helmeti tuseme kilo 7, vinakua 63. Sasa wewe ukiwa kwenye kona ya G 9 unazungusha kichwa kuangalia mkiani, kamera inageuka kama feni, unahesabu fleya, unabonyeza vitufe, unaongea na rafiki zako sentensi nzima zenye vituo na mikato. Rubani wa kweli hapo anabana miguu na tumbo, anapumua kwa vipande vipande ili damu isishuke, na kichwa alishakiweka mahali KABLA ya kuvuta maana akichelewa hakitoki hapo kilipo, akilazimisha anaumia shingo.

Tafuteni ile video ya F-16 juu ya Baghdad, 19 Januari 1991, rubani anakwepa makombora sita ya kutoka ardhini moja baada ya jingine, tena kifaa chake cha kumwaga chafi na fleya kilikua hakifanyi kazi. Zima picha usikilize sauti peke yake. Yule mtu anahema kama amekimbizwa kilomita kumi, na maneno yanatoka mawili matatu. Alirudi salama. Mi baada ya kusikiliza ile nilijiona mjinga na kikombe changu mkononi.

Kwenye simuleta nyingi kuchoka hakupo au kupo kwa jina. Unavuta G 9, giza, unalegeza, mwanga umerudi, unavuta tena mpya kama mtoto. Kwa hiyo mapigano ya karibu kwenye gemu ni marefu na makali kuliko ya kweli. Hapo ndege ni halisi ila rubani ni wa chuma.

Na fimbo pia. F-16 fimbo yake karibu haisogei, inapima nguvu ya mkono wako tu, inacheza milimita chache. Sisi tuna joystiki zenye springi zinazolala huku na huku. Mtu anasema "F-16 hii inateleza sana" kumbe ni kifaa chake.

KitiChaRubani

Wakuu nimerudi. Jana na juzi nimefanya mlivyosema, kwanza peke yangu bila intaneti, afu seva.

Peke yangu nimerudia kosa langu makusudi, futi 6,000, noti 380, maili 16, kompyuta nimeiambia igeuze mgongo nikifyatua. Mara tano, tano zote zimefia njiani. Nikapanda futi 32,000, Mach 1.1, umbali uleule, kompyuta inageuza mgongo vilevile, nne kati ya tano zimempata. Kombora lilelile! Nilikaa nikaangalia spidi zake kwenye rekodi, ya chini inavyoporomoka inatia huruma.

Seva nikapata mmoja, nilimuongoza mpaka kombora likafumbua jicho lenyewe ndo nikageuka. Nilipiga kelele mpaka nikaulizwa kuna nini. Wa pili alikua mjanja, aliona naja juu akashuka chini akanipa ubavu mapema, nikampoteza kwenye rada, nilipokuja kumuona yuko chini yangu ananiangalia na R-73, kombora la infraredi la Kirusi. Si mnajua hilo, rubani anageuza kichwa tu na helmeti yake inalionyesha kombora pa kwenda, pua ya ndege haina haja ya kunielekea. Sikumaliza hata kumwaga fleya. Nimekwenda kusoma, kumbe hata wenyewe wa Magharibi walishtuka Ujerumani ilipoungana 1990 wakarithi MiG-29 na kombora hilo, wakalijaribu dhidi ya ndege zao, baadaye ndo wakaja na AIM-9X. Angalau sijaaibika peke yangu.

Sasa MzeeWaRada nina shida moja. Ile ya kukranki, yaani kufyatua afu kugeuka pembeni bila kumuachia kwenye rada ili nisimkaribie haraka. Antena ya F-16 inaishia nyuzi 60 kila upande, mi nakaza mpaka 58, 59 ili nipate faida yote, na mara mbili nimepitiliza nikampoteza. Nyie mnaachaga nafasi kiasi gani?

MzeeWaRada

Ishia 50. Hizo nyuzi kumi sio za kwako, ni za yeye, maana na yeye anageuka. Ukienda 59 na akasogea kidogo tu upande wa pili ameshatoka kwenye rada yako hata kama mkono wako haujatikisika.

Halafu wakati unakata usikate umelala tu, shuka kidogo kidogo huku unakata. Kombora lake na lenyewe linachoka.

Mkia_Kati

Kesho saa ngapi mnaingia? Nakuja na makombora.